Poda ya Mwaka 1972: Kurasa Chache za Historia ya Vitu Wapakwavyo Watoto Wachanga

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya vitu ambavyo wazazi na wauguzi, kwa mapenzi na kwa nia njema, wamewapaka, wamewaoshea na wamewavika watoto wachanga, na madhara ambayo baadhi ya vitu hivyo viliwaletea. Si desturi ya jarida letu kuingia katika uwanja wa waganga na wakunga, wala hatuna nia ya kuwafundisha kazi yao. Lakini kadiri tulivyoichimba habari hii ndivyo tulivyozidi kuona kwamba nusu yake ni habari ya majina: pipa lililodhaniwa kuwa na kitu kingine, mkebe usiosema kilichomo, chupa mbili zilizofanana. Na majina ndiyo kazi tuliyojichagulia sisi walimu wa lugha.

Yafaa kwanza tuitazame ngozi yenyewe. Ngozi ya mtu mzima twaweza kuifananisha na ukuta wa mawe. Ya mtoto mchanga ni ua wa makuti, huzuia lakini hupenyeza. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na ngozi iliyokwisha kukomaa kiasi cha kutosha, ila eneo la ngozi yake, likilinganishwa na uzito wa mwili wake, ni mara mbili hadi tatu ya lile la mtu mzima. Kwa hiyo kitu kile kile, kikipakwa mwili mzima, humwingia mtoto kwa kipimo kikubwa kuliko kimwingiavyo mama yake. Ini na figo zake nazo hazijapata nguvu ya kukiondoa upesi. Tena kuna nepi: chini yake pana joto, pana unyevu, na mara nyingi pana wekundu na michubuko, mambo ambayo yote huufungua mlango. Ama mtoto njiti, yule aliyezaliwa kabla ya wakati, tabaka la juu la ngozi yake bado ni jembamba mno, na kwake ua wenyewe haujakamilika kusukwa.

Jambo hili halikujulikana jana. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Uingereza, aitwaye Rayner, alieleza kisa cha watoto waliozaliwa wakiwa wazima, kisha wakageuka rangi ya samawati midomoni na kuchani. Sababu ilipotafutwa ilionekana kwenye nepi zao, ambazo zilikuwa zimepigwa mhuri kwa wino wa anilini, wakavishwa watoto kabla ya kufuliwa. Anilini hupita katika ngozi ikaibadili damu hata isiweze kuchukua hewa ya oksijeni kama ipasavyo. Dawa ya balaa hii ilikuwa nyepesi kabisa, yaani kuzifua na kuzichemsha nepi mpya kabla ya kuzitumia. Hata hivyo visa vya namna hiyo viliendelea kuandikwa katika karne ya 20, kila hospitali ikijifunza upya jambo ambalo nyingine ilikwisha kujifunza.

Nguo na nepi ziliwaponza watoto kwa njia nyingine pia, na hapa tutapita upesi. Nchini Ugiriki, mwaka 1963, madaktari waliandika habari za vichanga 21 walioharibikiwa na damu kwa sababu ya naftalini, zile tembe nyeupe ziwekwazo sandukuni kati ya nguo ili kufukuza nondo. Wengi wao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo huku kwetu, penye malaria ya miaka na miaka, si ngeni hata kidogo. Kwa hiyo bibi atoaye shuka za mjukuu katika sanduku lenye naftalini afadhali azifue na kuzianika juani kwanza. Mwaka 1967, katika hospitali ndogo ya St. Louis huko Marekani, watoto tisa walishikwa na homa na kutoka jasho jingi lisiloelezeka, na wawili wakafa. Dobi wa hospitali alikuwa ametumia dawa yenye pentaklorofeno ya kuzuia ukungu katika kufua nepi na shuka zao. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Buenos Aires, maelfu ya watoto waliovaa nepi za kampuni moja ya udobi waliingiwa na zebaki, kwa kuwa nepi hizo zilitiwa dawa ya kuua kuvu iliyotengenezwa kwa zebaki.

Sasa tuje kwenye poda. Neno hili limezoeleka mno katika Kiswahili hata wengi wetu hatulihesabu tena kuwa la kigeni, na kitu chenyewe kimezoeleka zaidi. Nani asiyemjua mtoto aliyeogeshwa jioni, akapakwa poda shingoni na kifuani hata akawa kama aliyeangukia gunia la unga? Ni alama ya usafi, na alama ya kwamba mtoto huyu ana watu wake. Kwa sababu hiyo hasa ni vigumu kuitilia shaka.

Poda ya kwanza iliyostahili kutiliwa shaka ilikuwa asidi ya boriki. Kwa miaka mingi unga huu mweupe ulikuwa katika nyumba na hospitali za Ulaya na Amerika, ukioshewa macho, ukinyunyiziwa vidonda, na ukipakwa matako ya watoto yaliyokuwa mekundu kwa ajili ya nepi. Ulisifiwa kwa upole wake. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Kanada waliokuwa wameona visa vinne wao wenyewe walikusanya visa vingine 109 vilivyokwisha kuandikwa duniani, vya watu waliosumishwa na asidi hiyo, na wengi walikuwa watoto wadogo. Baadhi walinyweshwa kwa makosa, maana maji yaliyotiwa asidi ya boriki hayana rangi yanayoweza kutambuliwa nayo. Wengine waliingiwa na sumu kupitia ngozi iliyochubuka. Tunaomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la kitu cheupe kinachofanana na kitu kingine cheupe, kwa kuwa tutalikuta tena baada ya miaka 19.

Wakati asidi ya boriki ilipokuwa ikiondoka, dawa nyingine ilikuwa imekwisha kuingia. Hiyo ni heksaklorofini, iliyogunduliwa katika maabara ya kampuni ya Givaudan na kupewa hataza huko Marekani mwaka 1941. Sifa yake ilikuwa kuua bakteria wakaao juu ya ngozi, na hasa stafilokoki, ambao katika miaka ya 1950 walizisumbua sana wodi za wazazi. Kichanga akiambukizwa stafilokoki huweza kupata malengelenge, majipu, hata sumu ya damu. Hospitali nyingi basi zikaanza kuwaogesha watoto wote kwa maji ya sabuni yenye heksaklorofini ya asilimia 3, kila siku, na maambukizo yakapungua. Lazima tuseme ukweli huu wazi, maana siku hizi ni rahisi kuwacheka watu wale. Hawakuwa wajinga wala wazembe. Walikuwa wanapigana na ugonjwa unaoua, na silaha yao ilifanya kazi.

Kasoro ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amepima vya kutosha ni kiasi gani cha dawa hiyo kinapita ndani. Mwaka 1971 Renate Kimbrough na mwenzake walionyesha kwamba panya waliolishwa heksaklorofini waliharibika ubongo, sehemu yake nyeupe ikajaa vitundu kama sponji. Mwaka huo huo ilionekana kwamba damu ya watoto wachanga walioogeshwa nayo hospitalini ilikuwa na dawa hiyo ndani yake. Mwezi Desemba 1971 wakuu wa chakula na dawa wa Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, walitoa shauri kwamba watoto wasiogeshwe tena kwa heksaklorofini kama desturi.

Yaliyofuata ndiyo yanayoifanya habari hii isiwe hadithi nyepesi ya wema na ubaya. Katika miezi ya mwanzo ya 1972 hospitali kadhaa za Marekani zilizoacha kuitumia zilipata tena milipuko ya stafilokoki. Madaktari wakagawanyika. Wako waliosema kuwa hatari ya panya imewaogofya watu wakaacha kinga ya watoto. Wako waliosema kinga yenyewe ni sumu. Baadaye kidogo, mwaka 1974 na 1975, wataalamu wa Seattle walipochunguza bongo za vichanga waliokufa kwa sababu mbalimbali, walivikuta vitundu vile vile vya panya, hasa kwa njiti wadogo waliokuwa wameogeshwa mara nyingi. Njia iliyodumu ilikuwa ya tatu: mikono ya wauguzi ioshwe vizuri zaidi, na mtoto aachwe. Jambo rahisi kulisema. Kulitenda katika wodi yenye muuguzi mmoja na watoto 40 ni jambo jingine.

Mabishano hayo yalikuwa hayajaisha wakati msiba ulipozuka Ufaransa. Tangu Machi 1972, katika wilaya mbalimbali za nchi hiyo, watoto wachanga walianza kufikishwa hospitali wakiwa na upele mkali uliowaunguza matakoni, kisha kutapika, usingizi mzito, degedege na kupooza. Kila hospitali iliona wachache tu. Waliodhani ni ugonjwa wa virusi vya ubongo walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Masika yakapita, kiangazi kikaja, na hadi Agosti ndipo uchunguzi ulipoonyesha kitu kimoja kilichowaunganisha watoto hao: wote walikuwa wamepakwa poda ya namna moja, iitwayo Talc Morhange.

Poda hiyo ilipopimwa ilikutwa na heksaklorofini zaidi ya asilimia 6, mara mbili ya ile ya maji ya kuogeshea ambayo Wamarekani walikuwa wameanza kuiogopa. Tena maji yale yalisuuzwa, ilhali poda ilibaki juu ya ngozi, chini ya nepi, usiku na mchana. Na ajabu ya kusikitisha ni kwamba haikukusudiwa kuwa na heksaklorofini hata punje moja. Katika kiwanda kilichoichanganya na kuitia mikebeni, unga mweupe wa dawa ulichukuliwa badala ya unga mweupe mwingine, ukatiwa ndani ya talki. Mkosi wa kitambo kidogo, katika mchanganyiko mmoja. Watoto walioathirika walihesabiwa kuwa 204, na kati yao 36 walikufa. Wengine walibaki na vilema.

Tukisoma habari hizi hatuwezi kuwaacha kando mama wale. Mama aonapo matako ya mwanawe yamekuwa mekundu hufanya nini? Huosha, hukausha, huongeza poda. Poda ndiyo iliyounguza, na kila ilipounguza ilijiitia nyingine, kupitia ngozi ambayo sasa ilikuwa imefunguka zaidi kuliko mwanzo. Mkebe haukuwaambia kitu. Hata kama mchanganyaji asingekosea, na dawa ingetiwa humo kwa makusudi na kwa kipimo, sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kuiandika.

Kesi ilisikilizwa Pontoise, na hukumu ikatolewa mwaka 1980, miaka minane baada ya misiba, wakuu wa makampuni yaliyohusika wakipatikana na hatia. Taarifa kamili ya kitaalamu juu ya mlipuko huo ilichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1982. Miaka kumi ni muda mrefu kwa habari ya namna hiyo kusubiri. Sheria, kwa upande wake, ilikwenda haraka zaidi. Tarehe 10 Julai 1975 Ufaransa ilipitisha sheria ya kusimamia utengenezaji wa vipodozi, wakati Simone Veil akiwa waziri wa afya, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo lake la kwanza juu ya vitu hivyo kwa nchi wanachama wote. Huko Marekani heksaklorofini ilikwisha kuzuiwa Septemba 1972 isiuzwe bila cheti cha daktari, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno.

Mwaka huo huo wa 1972, na hapa tunarudi karibu na kwetu, madaktari wa Nairobi walieleza kwamba wagonjwa wengi wazima waliowaona wakiwa na maradhi ya figo walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hao hawakuwa watoto. Lakini mama anyonyeshaye na ajipakaye krimu hiyo humbeba mtoto kifuani, na zebaki haibagui. Mkataba wa Minamata ulizikataza krimu zenye zebaki kupita kipimo kidogo sana kuanzia mwaka 2020, na baadaye nchi zilizouridhia zikakubaliana kuzikomesha kabisa ifikapo 2025. Masokoni, hata hivyo, mikataba haisomwi.

Wala tusijidanganye kwamba sumu yote imetoka ughaibuni pamoja na mikebe. Wanja, ambao katika Pwani, Oman na Ghuba watoto wamepakwa tangu kale ili wapendeze na wakingwe na jicho baya, hudhaniwa kuwa ni wa manga, yaani antimoni. Uchunguzi uliofanywa Oman na nchi jirani zake umeonyesha kwamba wanja mwingi uuzwao ni galena, ambayo ni madini ya risasi, na risasi hudumaza akili ya mtoto. Hapa pia jina moja limefunika vitu viwili. Kwa upande wa pili, desturi ya kumkanda mtoto kwa mafuta, ambayo wataalamu wengine waliidharau, imepata watetezi. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko wale wasiopakwa. Si kila mafuta, basi, wala si kila mtoto. Mafuta ya haradali, yapendwayo sana katika nchi hizo, yalionekana katika majaribio ya panya kuichelewesha ngozi kupona.

Talki yenyewe nayo imefikia ukingoni. Madaktari wa watoto walikuwa wamekwisha kuonya kwa muda mrefu kwamba vumbi lake, likivutwa na kichanga kwa wingi, laweza kuziba mapafu na kuua. Likafuata suala la asbesto, ambayo huweza kupatikana ardhini karibu na talki, na mashitaka mengi sana mahakamani. Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyouza poda ya watoto ya talki tangu miaka ya 1890, iliacha kuiuza Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023, badala yake ikauza ya wanga wa mahindi. Mkebe haukubadilika sana. Wengi huku kwetu wanaendelea kusema poda, na hawajui kama kilichomo leo ni jiwe lililosagwa au ni ndugu wa ugali.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia darasani petu. Marekani ilianza kudai orodha ya vitu vilivyomo iandikwe juu ya vipodozi mwaka 1977. Ulaya ilifuata kwa ukamilifu mwaka 1997. Ili nchi zote zielewane, majina ya Kilatini na ya Kiingereza yalichaguliwa. Leo hii mama wa Bujumbura au wa Bukavu akigeuza chupa ya mafuta ya mtoto ataona neno Aqua, na hakuna wa kumwambia kuwa ni maji. Cocos Nucifera ni mnazi. Butyrospermum Parkii ni mti wa shea, ambao ndugu zake wanaota Kaskazini mwa Uganda na ambao mafuta yake mama huyo pengine anayanunua kibabani kwa bei nafuu. Petrolatum ndiyo mafuta ya mgando. Arachis Hypogaea ni karanga, na hili si la mchezo: mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watoto waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye upele walielekea zaidi kupata mzio wa karanga baadaye. Mzazi anayejua neno karanga tangu utotoni hawezi kulisoma hapo.

Wenzetu wa kamusi wamependekeza neno viambato kwa vitu vilivyochanganywa kufanya kitu kimoja. Tunalipenda kuliko viungo, ambalo tayari limebeba mdalasini na magoti kwa pamoja. Lakini neno la jumla halitoshi kama vitu vyenyewe vimebaki bila majina. Twaona si vibaya mwalimu akiwaambia wanafunzi wake walete mikebe mitupu kutoka nyumbani, kisha darasa zima likatafuta katika kila orodha ni kipi chenye jina la Kiswahili na kipi kisicho nalo. Vingi vitaonekana kuwa ni vitu vya shambani kwetu vilivyovaa majoho ya Kilatini. Vichache vitabaki bila jina, na hivyo ndivyo vya kumuuliza mfamasia.

Tumalizie kwa jambo la miaka ya karibuni. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani kupakwa kitovuni mwa vichanga katika mahali ambapo wengi hufa, hasa wanaozaliwa nyumbani, na imeokoa maisha. Hutolewa katika vichupa au vibomba vidogo. Vichupa hivyo hufanana na vile vya dawa ya macho, na mwaka 2019 Shirika hilo lilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa kutoka nchi kadhaa za Afrika za watoto waliotiwa dawa hiyo machoni, wengine wakapofuka. Dawa ilikuwa safi na kipimo kilikuwa sawa. Kwenye karatasi ndogo inayozunguka kichupa kama kile pana nafasi ya maneno matatu ya Kiswahili, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: Kitovuni, si machoni.